Mkate wa Trauti

Gilbert Privett alikuwa amelala kifudifudi juu ya daraja la mbao, akimdondoshea mkate samaki wa mtoni aitwaye trauti.

Kwa mlinzi wa mto, hilo lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Wenye mto walimlipa afyeke magugu ya majini, azibe kingo zilizobomoka, afukuze korongo, na ahakikishe wanachama wa klabu yao ya uvuvi wanapata samaki. Habari za mkate hazikuwamo. Lakini Bi Harcombe angefika sasa hivi, na Gilbert alitaka trauti yule mkubwa awe ameshiba hata asiweze kutazama chakula kingine.

"Kula, mzee," alimnong'oneza. "Kula umalize. Ukiwa na njaa leo, mimi nimekwisha."

Mambo yalianza Mei. Bi Harcombe, mjane mwenye kofia ya majani na sauti ya upole, alifika na fimbo ya kuvulia ya marehemu mumewe, akasema waziwazi alichofuata.

"Namtaka mmoja tu, huyu wa chini ya daraja. Marehemu alimhangaikia mpaka mwisho. Nimemwahidi dada yangu: nikimnasa huyu, nauza nyumba, nahamia kwake Uskoti."

Gilbert hakuwahi kuoa, wala hakuwahi kuona kuwa amepungukiwa na kitu. Siku hiyo akaona.

Ndipo mkate ulipoanza. Na kikohozi. Kila trauti alipopanda juu kudonoa, kifua kilimbana Gilbert, akakohoa na kukanyaga ukingo kwa mabuti yake mpaka samaki akazama. Bi Harcombe hakunung'unika. Siku nyingine alimletea chupa ya asali na limau.

"Kifua gani hicho kinachouma mtoni tu?" dada yake Gilbert, Maud, alimtania walipokuwa wakinywa chai. "Hapa nyumbani unalala kama gogo. Halafu tangu lini mtu akachana nywele kwenda kufyeka magugu?"

"Upepo, Maud. Nywele zinaniingia machoni."

"Upepo wenyewe una jina, kaka. Unaitwa Bi Harcombe."

Mto ule ulikuwa na sharti moja: hakuna kuvua kwa chambo cha nyungunyungu. Unavua kwa mdudu wa bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano, aelee juu ya maji kama mdudu wa kweli. Bi Harcombe alimfunga wake mwenyewe, na tangu Mei hakumbadilisha. Wanachama wengine walikuwa wamewaacha wadudu wao wakiwa wamenasa kwenye matawi ya mwerebi wa ng'ambo hata mti ukaonekana kama umezaa matunda. Mdudu wa Bi Harcombe alipotua kwenye tawi, alimvuta kidogo tu, akarudi.

"Una mkono mwepesi, mama," Gilbert alimsifu.

"Mti wenu una huruma," alijibu.

Siku ile Gilbert alipolala darajani na mkate, trauti hakujisumbua hata kugeuza kichwa. Bi Harcombe alikunja mshipi wake wa kuvulia polepole.

"Kesho msimu unafungwa," alisema. Alipitisha kidole kwenye mpini wa fimbo, pale mkono wa mumewe ulipokuwa umeulainisha. "Alikuwa akisema samaki huyu atatuzika sote. Kwa upande wake yeye, ikawa kweli."

Alicheka kidogo. Gilbert hakuweza kucheka. Alirudi nyumbani akaacha chakula chake mezani, na Maud, kwa mara ya kwanza tangu Mei, hakumtania.

Kesho yake hakubeba mkate. Alimshika Bi Harcombe kiwiko, akamtembeza taratibu kwenye nyasi laini hadi mahali ambapo hakuwa amemwonyesha mtu yeyote, penye kivuli, nyuma tu ya mkia wa trauti. Koo lilimwasha kweli safari hii. Akameza mate.

"Mtupie hapo, juu ya jiwe jeusi," alinong'ona. "Halafu subiri."

Mdudu alitua kama pumzi. Trauti akapanda, akafungua kinywa cheupe, akammeza, akazama naye. Bi Harcombe akainua fimbo. Mshipi ulikazika, kisha ukalegea.

"Ametema," alisema.

"Mrudie. Ana njaa huyo."

"Umejuaje ana njaa?"

Gilbert akawa mwekundu hadi masikioni. "Sura yake tu."

Alimrudia. Trauti akapanda tena, akameza tena, na tena mshipi ukalegea. Safari hii akapiga mkia na kutokomea chini ya daraja.

Gilbert alibaki akiyatazama maji. Katika maisha yake yote mtoni hakuwahi kuona samaki akimeza vizuri namna ile na kuponyoka mara mbili.

"Nisamehe, mama. Ulifanya kila kitu sawasawa. Sielewi."

"Basi, ni mwakani tena, Bwana Privett," alisema Bi Harcombe, bila huzuni yoyote. "Dada atanivumilia."

Akainua fimbo ili akusanye mshipi. Upepo ukamchukua mdudu, ukamtupa shingoni mwa Gilbert.

"Ngoja!" Bi Harcombe aliita, akitupa fimbo chini na kumkimbilia. "Usimguse, nitamtoa mwenyewe!"

Lakini Gilbert, aliyekuwa amechomwa na ndoano tangu ujana wake, alikuwa ameshamshika. Alikaza meno, akavuta. Hakuna kilichouma. Akafungua kiganja.

Chini ya manyoya ndoano ilipinda, ikaishia njiani, bila ncha. Ilikuwa imekatwa kwa koleo, na pale ilipokatwa palikuwa pameota kutu ya kiangazi kizima.