Ngozi ya Paa wa Mawe

Mbwa wawili walimfuata Sibomana kutoka kambini mpaka ukumbi wa parokia, pua zao zikigusa mfuko wake. Aliwapiga teke, wakakimbia kidogo, wakamrudia.

Ndani watu walikuwa wanabishana. Micheline, karani aliyetumwa na wataalamu wa mbali, alikuwa ameleta picha ya paa wa mawe, mnyama mdogo mwekundu aliyeishi kwenye mawe meusi ya volkano mpaka mwaka wa tisini na nne, wakimbizi walipokata pori lote. Wataalamu walisema kipande cha ngozi kingetosha kumrudisha duniani.

"Mukimufufua, atakaa wapi?" akauliza Aubin, fundi wa pikipiki. "Sisi wenyewe tunalala chini ya shitingi, maturubai ya musaada. Mutamupa na yeye yake?"

Watu wakacheka.

"Mimi niko na bwana yangu kule Rutshuru, ndani ya udongo," akasema mama Jeanine. "Waanze na yeye."

Hapo hakuna aliyecheka.

Sibomana akaweka mfuko mezani. Micheline akachungulia. Ngozi ilikuwa nyekundu, imepakwa chumvi na majivu.

"Umeitunza vizuri, muzee. Alikufa lini?"

Sibomana akamtazama mlinzi wa pori aliyesimama mlangoni na bunduki.

"Tisini na nne. Nilimutega mimi mwenyewe. Tulikuwa na njaa."

"Ulijua anaweza kuwa wa mwisho?"

"Nilikuja kujua tumekwisha kula."

"Usijilaumu, papa. Vita ilimaliza hata watu."

Maneno hayo yalimuuma kuliko matusi.

"Angebaki hata mmoja tu hai," Micheline akaendelea, akifunga mfuko, "tusingehangaika na ngozi. Sasa tukupe nini?"

Sibomana alikuwa ameapa asipokee kitu. Akaomba kopo la maziwa ya unga.

"Niko na mmoja kwa nyumba. Hanywi kitu tangu Jumapili. Atakufa."

Aubin akapiga makofi. "Muzee, na mvi hizo zote! Mama Mwavita bado anazaa?"

Wakacheka tena. Kopo likaletwa. Sibomana akalipokea kwa mikono miwili bila kuinua macho. Mlinzi akampisha apite.

Alitembea haraka kurudi kambini, upande wa ziwa la Lac Vert. Mbwa hawakumfuata. Walibaki palepale, mlangoni mwa ukumbi.

Mkewe Mwavita alikuwa amekwisha kupasha maji.

"Umewaambia?"

Sibomana akakoroga maziwa, akachovya kidole, akapiga magoti mbele ya kitanda. Huko mvunguni, paa mdogo mwekundu alikuwa ananusa udongo, pale ngozi ya mama yake ilipokuwa imetandikwa tangu Jumapili.