Miiba Iliyokuwa Ndani

Semeni, mwenye mimba ya kwanza na hofu ya uchungu, alikuwa karibu kuwasha rundo la nyasi shambani kwao Mbwara aliposikia kitu kikihema ndani. Akalifunua kwa mpini wa jembe.

Kalunguyeye, yule mnyama mdogo mwenye miiba mgongoni, alikuwa amelala ubavu, ametoka kuzaa. Vitoto vyake viwili vilikuwa vyekundu, havina hata mwiba.

"Washa, mwanangu!" mama mkwe wake aliita. "Mvua hiyo inakuja; zikilowa hizo nyasi, ufuta hatupandi."

"Mama, njoo uone."

Ngozi ya mgongoni mwa kitoto kimoja, iliyovimba kama lengelenge, ilikuwa ikinywea. Polepole vimiiba vyeupe vikachomoza, kimoja hapa, kingine pale. Vilikuwemo muda wote, vimefunikwa na ngozi ili mama asichomwe wakati wa kuzaa.

Mama mkwe, aliyezalisha nusu ya kijiji, alichuchumaa.

"Subhanallah," alinong'ona. "Kumbe na huyu katayarishiwa njia."

Semeni aliweka kiganja tumboni.

Mama mkwe alichukua kiberiti mkononi mwa Semeni, akakifutika kiunoni, kisha akarudisha nyasi taratibu juu ya wale viumbe. Matone ya mvua yakaanza kudondoka, wala hakuna aliyekimbia.