Mzee Jumbe Aingia Kwenye Filamu

Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba Mzee Jumbe wa Mwera, mwenye minazi, ndiye mtu wa kwanza wa ukoo wake kwenda mapumziko mjini Tanga, pamoja na ahali yake yote, kutazama filamu zinavyotengenezwa. Alitangaza hivyo mwenyewe, amesimama juu ya lori. Kisha lori likang'oka ghafla, naye akaketi juu ya tenga la kuku.

Mkewe, Mwanasiti, hakucheka. Ijumaa binti yao Saleha angeozwa kwa Mzee Uweso, mfanyabiashara wa mbata, mwenye wake watatu na meno mawili. Wazee waliotoka Pemba kuja kumposa, Mzee Jumbe aliwafukuza barazani kabla hawajataja hata jina la kijana wao. Jina hilo Mwanasiti alilijua. Saleha alikuwa akililia kila siku, uso kwenye mto.

Mjini, Mwanasiti alimsihi mumewe kila waliposimama.

"Baba Saleha, mtoto atakufa kwa huzuni," alisema chini ya mnara wa saa.

"Tazama mishale ile. Mirefu kama makasia!"

Stesheni alimshika kanzu mbele za watu. "Nakuomba kwa Mungu, bwana wangu."

"Neno la Jumbe ni kama gari moshi. Halirudi nyuma."

Gari moshi likarudi nyuma kufuata mabehewa. Msafiri, mwana wao aliyekuwa akisoma shule ya bweni palepale Tanga, akaangua kicheko, akala kofi la kisogo.

Ni huyo Msafiri aliyewapeleka kwenye filamu. Palikuwa ni ghala nyuma ya bandari, lanuka katani. Ndani, kijana aitwaye Manase, miwani myeusi machoni, alikuwa akipiga kelele nyuma ya sanduku la miguu mitatu. Alipomwona Mzee Jumbe akanyamaza kama aliyeuona mwezi wa Idi.

"Uso huo! Mwezi mzima tunamtafuta baba wa bibi harusi mwenye heshima kama hii!"

Mzee Jumbe akaweka kofia sawa. "Nikae wapi?"

"Hapo mkekani. Binti yako awe bibi harusi. Tumieni majina yenu, msije mkasahau."

Kijana mmoja mwenye joho akaketishwa mbele ya Mzee Jumbe, na watu wazima wawili wakakaa kuwa mashahidi. Alipoingia shekhe, Manase akaacha kelele zote, akajifunika kitambaa cheusi nyuma ya sanduku lake. Shekhe alimwendea kwanza Saleha, akamwuliza kama ameridhika.

"Nimeridhika," Saleha akasema, kwa sauti ambayo mama yake alikuwa ameisahau.

Mzee Jumbe akashikana mkono na kijana. Shekhe alimtamkisha taratibu, na alipomeza neno alimrudisha.

"Hamad bin Abdulwakil, nimekuoza binti yangu Saleha..."

Mwanasiti akaganda. Hamad! Kati ya majina yote ya dunia, lilelile la kijana wa Pemba! Akamfinya Msafiri mpaka ukucha ukazama.

"Huna haya wewe? Dada yako anakwenda kuzikwa hai, umekosa jina jingine la kumtania?"

Machozi yalimtiririka. Msafiri akatazama chini.

"Nimekubali," kijana akasema. Ikasomwa dua, halua ikapita, na shekhe akaaga kuwahi sala ya alasiri.

Mzee Jumbe, jasho la fahari likimtoka, akaliendea sanduku.

"Nataka kujiona."

"Bado, mzee, filamu haijaiva," Manase akasema, akirudi kinyumenyume.

Mzee Jumbe akalifungua. Ndani mlikuwa na nusu mkate na ndizi mbili.

"Msafiri," akaita polepole. "Filamu iko wapi?"

Msafiri akapiga magoti. "Nisamehe, Baba. Hakuna filamu. Sanduku ni la uongo, na Manase ni mwenzangu wa darasani." Akamgeukia kijana mwenye joho. "Lakini shekhe ni shekhe, mashahidi ni mashahidi, na Hamad ni Hamad."