Malkia wa Kinyala Hataki Dhahabu

Mama Meshaki anasema aliona kwa macho yake mawili, na kama anadanganya basi migomba yake yote ianguke. Anasema Mzee Ambindwile alisimama mbele ya kompyuta pale kwa Faraji, Tukuyu mjini, akavua kofia, akaisalimia "Ugonile", kisha akaiahidi mtamba.

"Mtamba gani?" Atuganile aliuliza, ingawa zizi la baba yake lilikuwa tupu tangu juzi.

"Tausi wenu, mwanangu. Kuna mchezo humo ndani, una wafalme. Baba yako ndiye mfalme wa Suma. Sasa kaingia mkataba na Malkia wa Kinyala!" Mama Meshaki akacheka mpaka akashika ubavu. Tangu afiwe na mumewe, kazi kubwa ya jirani huyu ilikuwa kujua ya watu. "Mimi nimezaliwa Kinyala, nimekulia Kinyala. Malkia gani huko?"

Simu yake kubwa, aliyoletewa na mwanawe kutoka Mbeya, ikalia ndani ya kitenge. Akaichungulia, akaizima, akarudi kumtazama Atuganile usoni kama mtu anayeangalia maharage kama yameiva.

"Na wewe umekasirika?"

"Nisikasirike kwa nini?"

"Nauliza tu, mwanangu. Ukimaliza kupepeta, ungo wangu usisahau kuurudisha."

Atuganile alikuwa na haki ya kukasirika. Mama yake Tausi alikufa akizaa, na yeye ndiye aliyemlea yule ndama kwa chupa, akilala naye jikoni wakati wa baridi. Baba alikuwa amesema mbele ya watu: huyu ni wako, na maziwa yake ni yako. Na sasa Tausi alikuwa na mimba, tumbo limeshuka.

Alipomuuliza baba, mzee aliendelea kupiga pasi koti lake la kanisani, na siku yenyewe haikuwa Jumapili.

"Mkataba ni mkataba," alisema. "Hayo mambo ya wafalme. Huwezi kuyaelewa."

Basi Atuganile akajifunga kitenge, akaenda mjini kuyaelewa.

Faraji alikuwa anatengeneza simu na kukodisha kompyuta za gemu. Aliposikia shida yenyewe, alianza kufuta kibodi ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

"Hao wafalme wengine wote ni kompyuta, dada Atu. Gemu lenyewe rafiki yangu amelichokonoa, wanaita modi. Katia ndizi, chai, ng'ombe, na majina ya huku kwetu. Linachezwa hata kwenye simu. Ukitaka biashara, unaweka chako huku, unaweka chao kule. Kompyuta inapima. Ikiona chako chepesi, inasema ofa haitoshi. Haina haya, haina huruma."

"Na hapa pa kuandikia?"

"Mapambo tu. Kompyuta haisomi."

Akamkalisha kwenye kiti cha baba yake, kwenye ufalme wa Suma. Atuganile hakumkimbilia Malkia. Alianza na Mfalme wa Ikuti, amjue kwanza adui ana akili kiasi gani. Akampa magunia matano ya chai, amuuzie mbuzi. Ikuti akataka sita. Akampa sita, akataka saba. Na alikuwa anajibu kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe! Atuganile akaondoa magunia yote, akabonyeza penye "Unataka nini?"

Ikuti akasema: magunia manne.

"Kumbe mjinga huyu," Atuganile alisema.

Hapo akamjulia. Hakuweka tena chochote mezani, akawa anauliza tu. Kwa tenga moja la maparachichi, Mfalme wa Ikuti akamuuzia jeshi zima, farasi wakiwemo. Faraji akashika kichwa.

"Sasa nipe Malkia."

Aliweka dhahabu yote ya Suma, akaomba mtamba. Kioo kikatulia. Ukapita muda wa mtu kwenda kuchota maji na kurudi.

"Modi imemvuruga huyo," Faraji alisema, akiangalia pembeni. "Anajibu akijisikia. Jumapili asubuhi ndiyo hajibu kabisa."

Jibu likaja: Ofa yako haitoshi.

Akaongeza jeshi la Ikuti. Haitoshi. Akaongeza mashamba ya chai, mto, na daraja lake. Haitoshi. Akabonyeza "Unataka nini?" na Malkia, ambaye orodha ya mikataba pembeni ilionyesha kuwa kwa mzee hakuona aibu kutaja mkungu wa ndizi, kuku, na mwisho mtamba, safari hii hakutaka kitu.

Faraji akasema anakwenda kutafuta chenji, akatoka mbio, ingawa hakuna aliyekuwa amelipa.

Atuganile alibaki peke yake na kile kioo. Alijua ni upuuzi, lakini akaanza kuandika pale penye mapambo, herufi moja moja, kwa kidole kimoja.

"Mimi si mzee. Ni binti yake. Tausi nimemlea kwa chupa na karibu atazaa. Baba amezeeka, usimchukulie mali yake. Naomba umrudishe."

Akakunja mikono, akangoja. Aliangalia kioo mpaka macho yakamwasha. Nje mvua ilianza, ikapiga mabati, ikaacha.

Kisha maneno yakatokea, polepole, nayo herufi moja moja.

"Ndama atakayezaliwa ni wako, nakuapia. Ila Tausi harudi. Kaka zangu wameshampokea, na mahari hairudi."

Atuganile alikuwa hajamaliza kusoma mara ya pili, mengine yakaja chini yake.

"Malkia wa Kinyala ana ombi: ule ungo usiurudishe, mwanangu. Nitaukuta hukohuko."

Na chini kabisa, vitufe viwili: Kubali. Kataa.