Kiatu cha Torgai

Raushan alimpaka Torgai tope kwa mara ya tatu pajani, juu ya chapa ya mwezi ya marehemu mumewe. Farasi akamgeuzia shingo kama mzee anayevuliwa suruali sokoni.

"Tulia, mshenzi wewe," akamwambia. "Leo huna mwenyewe. Leo wewe ni mnyama wa porini."

Mwaka jana mpiga picha mmoja alipita kijiji cha ng'ambo ya mlima wakati mitufaa ya porini imechanua. Akapiga picha za farasi wakikimbia chini ya maua, gazeti likaandika eti ni farasi mwitu, na tangu hapo kule hata mabanda ya kuku yanalaza wageni. Kwa Raushan vitanda vitano vimetandikwa tangu mwezi wa pili na hajaja hata mgeni mmoja wa kuyakunja mashuka. Mwanawe alishatoa neno: maua yakipukutika bila wageni, farasi wauzwe na mama ahamie kwake mjini Almaty, ghorofa ya tisa. Raushan aliwahi kukaa huko siku nne. Kila asubuhi alikwenda dirishani kuhakikisha ardhi bado ipo.

Kwa hiyo habari ilipofika kutoka wilayani kwamba kuna mtu wa picha anakuja kutafuta farasi wa porini, hakusubiri kuambiwa mara mbili.

Seksenbai, mdogo wa marehemu, alikuwa ameinama tangu alfajiri aking'oa viatu vya farasi kumi na tisa.

"Shemeji, mgongo wangu umekufa."

"Mgongo wako ulikufa siku uliyozaliwa. Ng'oa."

"Huyu mweupe ana kovu la tandiko."

"Mpake tope."

"Tope, tope! Mwisho mgeni atapiga picha ya ukuta." Akatema mate. "Haya, nimemaliza."

"Vyote?"

"Sasa unataka niapie viatu?"

Mgeni aliitwa Asylkhan: mwembamba, mpole, ana kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtoto. Raushan akamwekea maandazi na bakuli la kumisi. Mgeni akanywa, akafuta midomo.

"Maziwa ya farasi matamu haya, mama. Nani kakamua?"

Seksenbai akapaliwa. "Tunaletewa kutoka ng'ambo," Raushan akasema upesi. "Sisi farasi tunawaona kwa mbali tu."

Wakapanda mlima. Mitufaa ilikuwa nyeupe tupu, nyekundu kidogo pembezoni, nyuki wanavuma hadi chini mashinani. Kwa miaka arobaini Raushan ameyaona maua yale, na bado alisimama kuyatazama. Seksenbai akajipenyeza nyuma ya kilima, akapiga beseni, na farasi wakamwagika bondeni, mikia juu, petali zikiruka nyuma yao.

"Sasa, mwanangu! Chini ya mti ule!"

Asylkhan akapiga picha moja ya adabu. Halafu akawasogelea walipotulia, akaanza kuwapiga picha mmoja mmoja: meno, mapaja, kwato. Raushan akajiambia kwamba wataalamu kila mtu na wazimu wake.

"Na hawa hawana mwenyewe kabisa?"

"Kabisa! Hata babu wa babu yangu aliwakuta hapahapa."

"Huyu mbona ana kiatu?"

Mguu wa nyuma wa Torgai ulimetameta. Raushan akamtazama Seksenbai kwa jicho la kumchinja, Seksenbai akatazama mawingu.

"Atakuwa mtoro wa watu," Seksenbai akasema. "Kaja kujichanganya."

"Basi tumtafute mwenyewe," mgeni akasema. "Mama, kama unamjua sema tu. Sitaki kumdhulumu mtu."

"Mwenyewe alishakufa," Raushan akajibu. Siku nzima, hilo ndilo neno la kweli pekee alilolisema.

Torgai akamjia. Kila asubuhi, miaka kumi na mitano, alizoea kukuta kipande cha sukari kwenye mfuko wa aproni yake, na leo tope lilikuwa limechukua nafasi ya sukari. Akatumbukiza pua. Mgeni akaacha kupiga picha, akainua macho.

Raushan akamzaba kofi la pua. "Toka! Shenzi! Wanyama wa porini hawana adabu!"

Hakuwahi kumpiga. Farasi akarudi nyuma hatua tatu, akasimama anamtazama, masikio yamelala. Raushan akainua uso kwenye maua na kuyasifia kwa sauti kubwa, mgeni asije akaona macho yake yamejaa maji. Nitakulipa, Torgai, aliwaza. Wageni wakija utakula sukari mpaka meno yakutoke.

Jioni ilipokaribia Asylkhan akatoa karatasi. "Weka sahihi hapa, mama, kama shahidi. Farasi kumi na tisa, hawana mwenyewe."

Raushan akatia sahihi kwa mbwembwe. "Na jina langu liandikwe vizuri. Waambie tuna vitanda vitano, mashuka safi."

"Vitanda?" Asylkhan akacheka, akaikunja karatasi. "Umeniokoa, mama. Mwezi mzima nazunguka mabonde, kila nikigusa farasi anatokea mtu analia ni wake. Na hifadhi yetu mpya ya wanyama wa porini imeshazungushiwa ua, imekosa farasi tu. Malori yatawafuata Jumatatu."

Torgai, ambaye hajui kuweka kinyongo, alikuwa amesharudi. Pua yake ilikuwa ndani ya mfuko wa aproni, anatafuta sukari.