Pua ya Alawiya

Rakaa ya pili. Zilibaki mbili, na chupa zote mbili zilikuwa wazi mezani mbele ya Shaza.

Kupitia mlango ulioachwa nusu wazi aliuona mgongo wa Alawiya, mke mwenzake, ukiinama juu ya mswala. Aliye ndani ya sala hageuzi shingo. Shaza alilijua hilo, ndiyo maana alingoja adhuhuri.

Aliyavuta maji ya chupa ya Alawiya kwa bomba la sindano, akayahamishia kwenye kikombe cha kahawa. Halikudondoka hata tone. Mkono huo alifundishwa na Alawiya mwenyewe, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akijaza mafuta ya udi na waridi katika vichupa vidogo kuliko kidole, akiwauzia maharusi wa Magogoni nzima.

Dawa ililetwa siku tatu nyuma na Carolyne, muuguzi wa utafiti, mwanamke wa bara mwenye kusema upesi. Homa ya mafua ilikuwa imewalaza wake wote wawili wa Yeslam. Carolyne aliwaeleza kwamba ndani ya dawa mna chembe za madini ya fedha, zimesagwa hata darubini ya kawaida haizioni. Ukizipuliza puani zinamng'ang'ania kirusi kabla hajateremka mapafuni. Lakini nusu ya chupa za utafiti zilitiwa maji ya chumvi tu.

"Nani amepata nini, hata mimi sijui," alisema. "Na msibadilishane. Mkibadilishana mmeniharibia kazi."

Alawiya alipewa chupa nambari kumi na saba, Shaza kumi na nane.

Carolyne alipotoka tu, Alawiya alizifungua zote, akazinusa moja baada ya nyingine, taratibu, kama anayepima udi wa kughushi. Shaza hakuwa na pua tena. Tangu homa imshike, hata kitunguu kikiungua hakujua. Akauliza zinanukaje.

"Zote maji," alijibu Alawiya, akazichukua kwenda jikoni kuzifuta.

Kuzifuta! Shaza alicheka moyoni. Chupa mpya inafutwa nini?

Tangu saa ile kikohozi cha Alawiya kilikatika. Cha Shaza, mwenye pumu tangu utotoni, kilizidi, mpaka ikawa hawezi kumaliza sentensi bila kutweta. Na kila baada ya sala yule mwanamke alikuja kusimama mlangoni, ameegemea mwimo, ncha ya kanga mdomoni, macho mekundu.

"Umepuliza, mwanangu?"

"Nimepuliza, da Alawiya."

"Usikose hata mara moja. Wewe hasa."

Wewe hasa. Maneno hayo yalimchoma Shaza kuliko homa. Ameninyang'anya pumzi zangu, aliwaza, kisha anakuja kunihimiza nipulize chumvi. Mwanawe Imad, wa miezi minane, alikuwa Mtongwe kwa bibi yake mpaka maradhi yapite. Kila maziwa yalipomjaa kifuani Shaza aliapa kwamba atamnyonyesha tena mtoto wake, na kwamba hatamwachia mke mwenza amlee.

Rakaa ya nne. Alawiya alikwenda sijda, akakawia huko. Mabega yalimtikisika. Alikuwa ameuma kanga kwa meno.

Analia kwa furaha ya kupona, aliwaza Shaza. Maji ya chupa yake alikwisha kuyatia katika ya Alawiya; sasa akamimina kilichokuwa kikombeni katika chupa yake mwenyewe. Alawiya alipotoa salamu, kumi na saba ilikuwa mahali pake na kumi na nane mahali pake, zimefungwa, nje zimekauka. Shaza akajipulizia mara mbili kila tundu, akavuta kwa nguvu zote.

Siku ya tano alibebwa hospitali akiwa amegeuka rangi midomo.

Alikaa huko siku arobaini. Aliporudi alirudi na mtungi wa oksijeni, na mapafu ambayo daktari alisema hayatakuwa tena kama zamani. Alawiya alikuwa amepona mwezi uliopita. Imad alirudishwa kutoka Mtongwe, akajifunza kutambaa miguuni pa Alawiya, akalala mgongoni pa Alawiya, na siku kinywa chake kilipotamka "mama", alikuwa anamtazama Alawiya.

Shaza alijua sababu. Dawa aliikomboa, ila aliikomboa kwa kuchelewa; zile siku tatu za chumvi ndizo zilizomuua nusu. Akaacha kupokea hata maji ya kunywa kutoka mkono ule. Yeslam alipomsihi, aligeukia ukuta. Alawiya hakuwahi kulalamika, aliweka gilasi karibu ya kitanda na kuondoka.

Miezi minne baadaye Carolyne alirudi na bahasha. Utafiti ulikuwa umekwisha, alisema, na kila mmoja ana haki ya kujua alichopewa.

"Kumi na saba ilikuwa dawa. Kumi na nane, chumvi."

Shaza aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Kumi na saba? Tangu ilipoletwa?

Alawiya alikuwa amekaa sakafuni, Imad mapajani. Machozi yalimtiririka bila sauti.

"Basi pua yangu haikunidanganya," alisema. "Nisamehe, Carolyne, kazi yako niliiharibu mimi. Siku ile ile, kule jikoni, yangu nilimtilia yeye, yake nikaichukua mimi. Ana pumu. Ana mtoto wa kunyonya. Kikohozi changu nilikiuma kwenye kanga asijue." Akaushika mkono wa Shaza, akaupeleka kwenye shavu lake. "Niambie, mwanangu, nilikosea wapi hata dawa ikakukataa?"