Jina Analolijua

Mara themanini mashine ilimwita mgonjwa kwa sauti ya mkewe iliyorekodiwa: “Urbain.” Kila mara, mstari wa ubongo wake ulilala kimya kwenye kioo cha mashine.

Daktari akaona hakuna tena wa kusubiriwa. Akaanza kuzichomoa nyaya kichwani mwa mzee huyo, mfanyakazi wa reli, aliyezimia tangu Jumapili.

“Docteur, ngojea,” mke akasema. “Ile jina, minyi sijamuitaka nayo hata siku moja. Kwetu bibi hatajake jina ya bwana.”

“Sasa unamuitaka namna gani?”

“Baba Feza.”

Wakarekodi upya, wakalichanganya na majina ya akina baba wengine. Kila lilipotajwa hilo, na hilo tu, kwa rehema ya Mola, mstari uliinuka kama kifua cha mtoto alalaye.

“Mama, anakusikia.”

Akamwinamia, akausogeza kando waya uliopita sikioni mwake. “Baba Feza, ile asubui ya Jumapili nilikukasirikia bule.”